Simba Wawili wa Bairat

Iskandaria, Shaabani 1247

Kwa mama yangu mpenzi, Mabruka,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bairat. Mimi mzima, hofu ni kwako na mgongo wako.

Wale simba wetu wawili wa mawe wenye vichwa vya wafalme wamefika salama. Mto ulipojaa tuliwateremsha kwa majahazi, na kila kijiji tulichopita watoto walitukimbilia ukingoni wakipiga kelele. Aliyewanunua ni mfalme wa kaskazini, huko kwenye barafu. Juzi tulipokuwa tunampakia wa kwanza merikebuni, kamba ilikatika, jiwe likaanguka likavunja mlingoti. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi.

Sasa nahodha hataki kung'oa nanga bila mtu wetu mmoja wa kuwaangalia njiani. Wenzangu wote wamekataa na wameanza kurudi nyumbani. Wanasema huko mate huganda kabla hayajafika chini. Nami nataka kurudi, mama. Lakini mlingoti bado unatengenezwa, kwa hiyo nangoja neno lako.

Mwanao,
Rashwan

*

Bairat, Ramadhani 1247

Mwanangu Rashwan, jicho langu,

Salamu. Sisi wazima. Mgongo unauma, lakini ni wangu, nimeuzoea. Nenda na merikebu. Usirudi hapa.

Askari wa Pasha walituvamia alfajiri. Wamewafunga vijana kamba kama mbuzi wa sokoni, wamewapeleka vitani Sham. Binamu yako Hamam, aliyevuta mawe pamoja nawe, ndio kwanza alikuwa amefika. Hata mkate hakumaliza. Shangazi yako aliwakimbilia mpaka mtoni akiwa na viatu vya mwanawe mkononi.

Kwangu waliuliza, "Mwanao yuko wapi?"

Nikasema, "Amekwenda na mawe."

"Bibi kizee huyu amerukwa na akili," wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Mlipokuwa mnawafukua wale simba niliwalaani, maana walikuwa wanakutoa nyumbani. Leo nawashukuru. Mwalimu Idris, anayeniandikia, amekataa kuandika hivyo. Ati kushukuru jiwe ni kufuru. Basi nimemwambia aandike kwamba namshukuru Mungu aliyewafanya wazito, wasiweze kwenda peke yao. Hilo kaliandika.

Mama yako

*

Petersburg, Rajabu 1248

Mama yangu mpenzi,

Salamu sana. Nimekuwa mgonjwa, lakini sasa nimepona, usilie.

Simba wamewekwa kwenye ua mmoja karibu na mto, kwa sababu ukingo wa mto watakaposimama bado unajengwa. Mimi nililala bandani kando yao mpaka kifua kikanibana. Asubuhi moja mzee mleta kuni akanisikia nikisema, "Ya Rabbi," naye akaitikia, "Amin." Kumbe ni Mwislamu, wa kabila la Watatari wa huku, jina lake Yakup. Akanipakia kwenye mkokoteni wake juu ya kuni.

Mkewe, Gulbanu, hakuniuliza hata jina. Alinivua nguo zilizolowa akanivisha koti la manyoya. Nilipojua maneno machache ya kwao nikamwuliza, "Koti la nani?"

"La mwanangu Ildar. Mfalme amemchukua jeshini. Huku wanachukuliwa miaka ishirini na mitano." Kisha akasema, "Kula, supu inapoa."

Mama, koti lenyewe linanikaa mabegani kama nilipimiwa.

Mwanao,
Rashwan

*

Petersburg, Mfungo Tatu 1249

Mama yangu,

Salamu, kama barua hii itakukuta. Nimeandika tena na tena, hunijibu.

Wiki hii simba wamesimamishwa ukingoni mwa mto, wanatazamana. Watu walijaa. Wengine walifanya ishara ya msalaba, wengine waliwachekea ndevu. Yakup aliwatazama muda mrefu, akasema, "Wageni hawa hawana nyuso za hasira. Tutazoeana."

Kazi yangu imekwisha, nimelipwa, na merikebu ya kurudi ipo. Wazee wangu hawa wanasema nikitaka nikae, nyumba ni yangu. Gulbanu amefua koti akalikunja. Siku tatu sasa anasahau chumvi kwenye supu.

Niambie nifanye nini. Au mtu yeyote aniambie kama u hai.

Mwanao,
Rashwan

*

Bairat, Mfungo Sita 1250

Mwanangu Rashwan, jicho langu,

Salamu. Mimi ni hai. Mwalimu Idris naye alichukuliwa, akawaandikie askari barua zao, nami nikabaki bila mkono wala mdomo. Amerudi juzi, anachechemea. Barua zako zote nimesomewa siku moja, kama karamu.

Hamam hatarudi. Alizikwa Sham. Shangazi yako sasa analala kwangu, tunatiana moyo.

Wanasema vita vimekwisha, lakini askari bado wanakuja kila baada ya mavuno. Kijana wa jirani amejikata kidole cha shahada ili asiweze kushika bunduki. Shimo mlimowatoa simba limejaa maji. Mbuzi wananywa humo.

Nakutaka, mwanangu. Nikioka mkate nakutaka. Lakini nataka uwe hai kuliko ninavyotaka uwe karibu. Kaa.

Na mama huyo msomee haya, polepole, kwa maneno ya kwao: Dada yangu Gulbanu, hunijui, nami sikujui. Wako amechukuliwa, wangu umempokea ukamvisha. Sina cha kukulipa. Lakini vita vya wafalme huwatupa watoto mbali. Siku vikimtupa Ildar upande huu wa mto, asiulize njia mara mbili. Nimeshamtandikia.

Mama yenu,
Mabruka