Ile Mboga ya Pasaka

Nyuma ya Soko,
Ruiru.
Tarehe 9 Desemba.

Mpendwa mwanangu Njau,

Nakusalimu sana, wewe na bibi yako Selpha na mtoto wenu Mumbi aliyebeba jina langu. Mko aje huko Lodwar na hilo joto? Mimi ni mzima isipokuwa lile goti. Baba yako ni mzima, bado anaingia kiwandani Thika asubuhi na kurudi amenyamaza. Dada yako Kui ni mzima na anakusalimu. Shosho, mama ya baba yako, tulimtoa Ngoliba mvua ilipokosa, sasa analala chumba chako na analalamika kitanda ni laini kama cha wagonjwa. Hata yule kuku wako mweupe bado anataga.

Naandika kwa sababu kwa simu siwezi. Nikisikia sauti yako nitauliza habari ya mvua halafu nikate. Barua nitampa Boaz, yule wa lori ya mananasi.

Njau, Krismasi inakaribia na sijui nikupikie nini. Ile siku ulinieleza maneno ya daktari juu ya sukari na unene, nilisema ndiyo, ndiyo, lakini sikushika. Nusu ya sahani iwe mboga, sawa. Nyama iwe kama kiganja. Kiganja cha nani? Cha baba yako kinafunika paja la mbuzi. Chapati unakataa, avokado unakubali, na mimi najua avokado ni mafuta matupu. Halafu ukasema utakula kidogo njiani ndio usifike na njaa. Hapo nikapotea kabisa. Nani anakuja kwa mama yake akiwa ameshiba?

Na kuna Shosho. Unajua kwa vile una jina la marehemu babu yako, yeye anakuita mzee wake. Sahani yako lazima apakue yeye, ya kwanza, imejaa, na hakuna anayeonja kabla yako. Pasaka uliporudisha nusu ulimwambia, "Shosho, mzee wako anakonda apate bibi mwingine." Tulicheka wote, hata yeye. Lakini ulipotoka nje alisukuma sahani yake, akaniambia, "Mzee wangu alianza hivi hivi. Aliacha nusu, akaacha yote, na mahindi yalipovunwa tukamzika."

Kesho yake nilianika nguo zako nikaona mshipi umetobolewa matundu matatu mapya kwa msumari. Nikiwa hapo kwa kamba, jirani yetu Mbithe akaniuliza, "Mama Njau, huyo kijana ni mgonjwa ama bibi yake hampikii?" Sikumjibu.

Sasa acha nikwambie. Zile wiki mbili za likizo yako ya Pasaka ulikula mboga ya terere ya kuchemsha, bila mafuta, vile uliniagiza. Haikuwa bila mafuta. Kila jioni niliweka kijiko kikubwa, siku zingine viwili, na uji wako nilikoroga na siagi. Wewe ukisema, "Mum, terere yako ni tamu hata ikiwa kavu," na mimi naangalia jiko.

Uliporudi kliniki mizani ikaonyesha umeongeza kilo tatu, sukari nayo ikapanda, daktari akakuongezea dawa. Ulinipigia umevunjika moyo, ukasema mwili wako haukusikii. Nikakuambia uombe Mungu. Njau, mwili wako ulikuwa unasikia. Ni mimi.

Juzi Kui alinipata nikinunua mkebe mkubwa wa mafuta, akauliza ni wa nini, nikashindwa kudanganya. Akasema, "Mum, mwambie wewe ama nitamwambia mimi, na mimi sina maneno matamu."

Sasa niko katikati. Sisi tumejua hivi: mtu akikonda, anaenda. Wewe unakonda na unasema unapona. Moyo unakuamini, macho yanakataa. Na nikikuamini wewe, huyu Shosho wa miaka tisini atakula Krismasi kweli? Kui alisema tutumie ile sahani ndogo ya maua. Shosho akasikia, akauliza, "Kwani nimeolewa na ndege?"

Nimewaza hivi, sijui kama ni sawa. Njoo siku moja mbele, ukae na mimi jikoni, mafuta uweke kwa mkono wako mwenyewe. Shosho apakue vile amezoea, halafu umkalishe kando yako mle sahani moja, kama mzee na bibi yake. Akila yeye nusu na wewe nusu, hakuna aliyerudisha chakula. Au daktari atakataa hiyo pia?

Msalimie Selpha sana. Mbithe alipouliza nilinyamaza, na kunyamaza ni kama nilimlaumu. Mwambie nimekosa kwake. Baba yako na Kui wanawasalimu, Shosho anamsalimu mzee wake. Mungu awalinde njiani na mezani.

Boaz anarudi huku Jumanne. Unga wa chapati sijanunua, na ule mkebe nimempa Kui afiche. Mpe Boaz jibu, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa hasira. Lakini usikawie, baba.

Ni mimi mama yako, nakupenda hata pale nilipokukosea,
Mumbi