Pumzi Iliyobaki Kwenye Kiti cha Boti

Ami Athmani,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ambako natumai hakuna msumari wala chaza wa kutoboa chochote. Huku Kilifi tu wazima. Wenye mayoti bado wanatuletea boti zao za mpira, zile za kuwatoa chomboni na kuwafikisha pwani. Hufika mlangoni wakaulizia fundi. Nawajibu fundi ni mimi, nao huchungulia nyuma yangu wakikutafuta.

Unaikumbuka ile boti ya kijivu, ya mwisho wewe kuibandika? Ililetwa na kiraka cha gundi ya viatu, ukanuna asubuhi nzima. "Hii ni boti au ndara?" Ukakibandua, ukapiga msasa, ukapaka gundi yake hasa, kisha kiraka kipya ukakikandamiza kwa mgongo wa kijiko cha Mama Rukia, mkeo, ambacho hajakiona jikoni tena hadi leo. Pampu ikaharibika kabla hatujakijaza hewa kiti cha katikati. Wewe na kungoja ni wapi na wapi. Ukakipuliza kwa mdomo, mashavu yamekutuna, nami nikacheka hadi nikakaa chini. Wiki ile ile ukatutoka.

Mwenye boti alikuwa kwao Ulaya, ikabaki nasi kibandani. Wewe ndiwe uliyenifunza kwamba jua la adhuhuri huvimbisha hewa hadi mshono ukaachia, na mwenye akili huipunguza kidogo. Mirija ya pembeni niliipunguza. Kiti sikuweza, Ami. Kila mchana nilikifunika jamvi lililoloweshwa maji, utadhani nauguza mgonjwa. Mama Rukia alikuwa akinitazama dirishani. Siku moja baada ya hitma yako akatoka na kanga yake mwenyewe, akailowesha, akakitandikia. Nililia sana siku ile.

Sasa mwenyewe amerudi, na anataka kusafiri mbali. Akaniuliza, "Fatma, nichukue hii ya zamani au ninunue mpya?" Ningemwambia anunue mpya, basi, hii ingebaki kwangu na pumzi yako ndani. Neno hilo lilinifika mdomoni. Lakini anayeuliza atapanda boti hiyo kwenye maji makuu, na jibu la kweli lilitaka kipimo chako: itolewe hewa yote, ijazwe upya, ilale. Ulikuwa ukisema, "Ikilala ngumu ikaamka ngumu, imepona."

Nikafungua kizibo cha kiti, nikaweka shavu pale, kama tulivyokuwa tukitafuta tundu. Hewa ikatoka polepole, ya vuguvugu. Nilitaraji harufu ya karafuu ulizokuwa ukitafuna. Ilinuka mpira tu. Nikakaa pale hadi ikaisha.

Mirija nikaijaza kwa pampu. Pampu ni nzima siku hizi, lakini kiti nikakipuliza kwa mdomo. Mama Rukia alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona mashavu yalivyonituna akacheka, Ami, akacheka hadi akakaa chini. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tukuzike.

Asubuhi boti iliamka ngumu. Nikaipaka povu la sabuni, kiraka chako hakikutoa hata kiputo. Nikamwambia mwenyewe achukue hii hii, akaondoka nayo.

Lala salama, Ami. Nakuahidi gundi ya viatu haitaingia kibanda hiki nikiwa hai. Kijiko nilitaka kumrudishia Mama Rukia, akaurudisha mkono wangu. Amesema kikae kazini.

Mwanao,
Fatma