Maji ya Pundamilia

Kwako Mama Nekesa, uliyenitangulia,

Nakuandikia kwenye meza yetu hapa Uthiru. Jagi la bati liko mbele yangu, nami naona kinyaa. Jagi lenyewe halina kosa. Ni mikono yangu.

Unakumbuka mwaka ule wa ukame, memsahibu uliyemfulia nguo kule Kileleshwa alipotafuta watu wa kujitolea kuwapelekea wanyama wa porini maji? Nilikuwa karani mjini, nina likizo ya wiki mbili, na nilivutiwa na wazo kwamba wanyama wakihifadhiwa leo, wajukuu wetu watawaona. Ulinicheka. "Baba Nekesa, kuku wetu wenyewe hujawahi kuwapa maji." Hata hivyo ulinifungia viazi vitamu, ukaniazima na blanketi lako.

Kambi ilikuwa mbali, safari ya siku nzima kwa lori. Nikueleze kazi yenyewe. Lori lilileta mapipa, tukajaza birika la saruji, wanyama wakaja kunywa. Pundamilia waliingia ndani wakanya humo humo. Maji yakawa ya kijani, yana povu, na harufu yake ikatufuata hadi kwenye chai. Zamu yangu ilikuwa kulinda. Bwana Nyama, mkuu wa kambi, alikuwa ameagiza kwamba maji ni ya wanyama tu. Mfugaji mmoja akipewa, kesho wataletwa ng'ombe mia. Niliielewa sheria hiyo, tena nikaipenda, kama ninavyopenda kila jambo lililoandikwa.

Mchana mmoja akaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alisukuma mavi pembeni kwa kiganja, akajaza kibuyu chake. Bwana Nyama hakuwepo. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nilimwendea, nikamweleza sheria kwa upole, nikakichukua kibuyu na kumwaga maji mchangani.

"Punda anakunywa," aliniambia. "Mimi?"

Akaondoka na kibuyu kikavu. Sijui alipata maji wapi. Sijui kama alipata.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba nilirudi nyumbani na fahari. Nilikusimulia kabla ya kula, wewe ukininawisha kama kawaida, mikono yangu imejaa sabuni. Nilikuwa katikati ya kukufafanulia faida ya sheria pale maji yalipokoma.

"Ulimwaga?"

Nikasema ndiyo.

"Na mtoto yuko mgongoni?"

Uliweka jagi mezani. "Nawa mwenyewe."

Nimenawa mwenyewe miaka mitatu. Ulinipikia, ulinitania, tulikwenda kanisani Riruta pamoja, ila mikono yangu hukuinawisha tena. Nilikueleza upya mara nyingi, kwa hoja nzuri kabisa. Ulisikiliza zote kwa heshima, na jagi likabaki mezani. Hata ulipougua, nikikunywesha kwa kijiko, nilitafuta msamaha machoni mwako. Ulikunywa, ukageukia ukuta.

Jana, wageni wa matanga walipoondoka, binti yetu Nekesa alikuja na jagi na beseni, akapiga magoti ili aninawishe. Nikarudisha mikono nyuma. Akaniuliza kama amekosea.

"Weka mezani, mwanangu," nikamwambia. "Mama yako hajaniruhusu."

Pumzika, mke wangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Nekesa