Vyuma Vyangu Vinapaa Mno

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepunguza kelele. Mimi mwili haujambo, ila moyo hautulii.

Mjomba, vyuma vyangu, hizi fimbo za gofu, vinapaa. Namba saba, iliyokuwa inakwenda kama nimeituma kwa jina, sasa inanyanyua mpira juu kabisa, halafu unadondoka kabla ya kufika kwenye bendera. Namba tisa ndiyo usiseme. Wenzangu wananitania kwamba nataka kuangusha ndege. Mwisho wa Mei Kocha wa klabu hii atatupima uwanjani sisi wanafunzi wake na kuchagua mmoja awe msaidizi wake, kwa ajira ya kudumu na chumba juu yake. Tumebaki wawili: mimi na binti ninayelala naye chumba kimoja. Tunamwita Mrefu, na ukimwona huulizi kwa nini.

Sasa nikwambie kinachonikosesha raha. Begi langu nalifunga zipu, nikirudi naikuta nusu wazi. Glovu naiweka mfuko wa pembeni, naikuta juu. Mrefu anacheka sana siku hizi, hata pasipo na cha kuchekesha. Sitaki kumsingizia mtu, lakini vyuma haviwi vibaya vyenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika fimbo. Nifanyeje?

Mpwa wako

14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti ni lile lile, na mama yako anakusalimu. Anasema unakonda. Sijui amekuonaje toka huku, lakini dada yangu humwambii kitu.

Mpira unaopaa hivyo mara nyingi ni wewe unayeusaidia. Unauweka mbele mno, karibu na mguu wa kushoto, halafu unaurudisha mwili nyuma kana kwamba unataka kuuchota. Acha. Uso wa chuma umelazwa nyuma ili unyanyue mpira, kazi hiyo imeshafanywa. Weka mpira katikati ya miguu. Mikono itangulie mpira, uzito uende mguu wa mbele, gonga mpira kwanza ndipo nyasi. Ukimaliza, mikono isiende juu ya kichwa, iishie kifuani. Na upunguze nguvu, hupasui kuni.

Jambo moja tu: vyuma vyako usimpe fundi yeyote wa huko. Hao wana mashine nyingi na mikono mizito. Mimi ndiye ninayevijua.

Na huyo Mrefu, mwangalie.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Mama mwambie nakula mpaka naona aibu.

Nimefanya yote. Mpira katikati, mikono mbele, uzito mbele. Kocha alikaa nyuma yangu asubuhi nzima na kiti chake cha kukunja, akasema sasa nagonga safi kuliko mtu yeyote hapa. Hata kifundo cha mkono, kile kilichovunjika mwaka juzi, anasema kimelegea vizuri, kinakunjika na kukunjuka kama hakijawahi kuumwa. Na bado mpira unapaa. Kadiri ninavyogonga vizuri ndivyo unavyopaa.

Kocha anataka vyuma vipelekwe kwa fundi wao vikapimwe. Nimemwambia asubiri, kwa sababu ya neno lako.

Halafu juzi nimeingia chumbani ghafla, nikamkuta Mrefu amekaa kitandani kwangu, namba saba yangu mapajani. Hakushtuka. Alisema mvua ilikuwa imeingia dirishani, begi likalowa, akaona avifute visishike kutu. Kitambaa kweli alikuwa nacho. Lakini Mjomba, tangu lini mtu akafuta fimbo za anayeshindana naye?

Nivipeleke vikapimwe au nisivipeleke?

Mpwa wako

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Usivipeleke. Nimeshakwambia. Akishavishika mtu mwingine huwezi kujua kipi kilikuwa chako na kipi cha kwake. Weka begi chini ya kitanda chako, upande wa ukutani, ulale nalo.

Na huyo binti umemjibu mwenyewe. Mtu hafuti chuma cha mpinzani wake bure. Wakati mwingine anayekuharibia ndiye anayekuchekea. Mwambie hadharani aache kugusa vitu vyako, aone kwamba una macho.

Endelea na mazoezi. Rudisha mpira nyuma kidogo zaidi.

Mjomba wako

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi.

Nilikusikiliza. Nilimwambia hadharani, mezani, wakati wa chakula cha mchana, watu wote wakiwepo. Nilisema kuna mtu amekunja vyuma vyangu na analala chumba kimoja na mimi. Mrefu aliweka kijiko chini. Alisema, "Begi langu lile pale, pekueni. Chumba pekueni. Nikitaka kukushinda mimi nakushinda uwanjani." Hakupandisha sauti. Jioni alikuwa ameshafungasha. Amerudi kwao, na amemwambia Kocha nafasi wanipe mimi.

Basi Kocha alilibeba begi langu mwenyewe mpaka kwa fundi na mimi nikimfuata nyuma kama mbuzi. Fundi ni mzee mmoja mpole, hana mikono mizito hata kidogo. Alivipima kimoja kimoja. Vyote vimelazwa zaidi kuliko vilivyotoka kiwandani, Mjomba. Namba saba yangu imelala kama namba nane inayopaisha zaidi, na nane kama tisa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikasema si nilisema, ni Mrefu. Mzee akatikisa kichwa. Akaniambia adui akitaka kukuharibia anakunja kimoja au viwili, tena haraka haraka, vinatoka vimepinda. Hivi vimekunjwa vyote sawasawa, na mtu asiye na haraka. Shingoni, pale kichwa cha chuma kinapoungana na mpini, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Aliyevibana kwenye jiliwa alitanguliza ngozi laini, na rangi yake ya kahawia imebaki kwenye mfereji wa shingo.

Nilikuwa najua mtu mmoja tu duniani anayekata viatu vya zamani na kutandika ngozi yake kwenye jiliwa.

Nijibu ndiyo au hapana. Ni wewe?

Mpwa wako

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniandikia kwamba u mzima na barua yangu aliiona mkononi mwako. Kwa hiyo umeipata.

Sasa nakaa nikikumbuka kila ulichoniambia. Usivipeleke kwa fundi. Lala na begi. Mwangalie huyo binti. Ulikuwa unajua, na ukaniacha nimfukuze mtu asiye na kosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata kama ni wewe, hilo la vyuma naweza kulielewa siku moja. Hili la Mrefu siwezi.

Nakusubiri.

Mpwa wako

25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa siistahili.

Ndiyo. Ni mimi.

Plasta ilipotoka mkononi mwako, kifundo kilikuwa kigumu kama mpini. Ulikuwa unapiga mipira inayokimbia chini chini kama panya, hata ukingo wa shimo la mchanga haivuki. Wiki nzima ulipiga, ukarudi na macho mekundu, ukalitupa begi kwenye karakana yangu ukasema nikauze. Hukula siku ile. Mama yako alikuja kunilaumu kana kwamba mimi ndiye niliyekuvunja.

Nikavilaza. Nilikwambia nimevisafisha tu. Ulipotoka kujaribu, mpira wa kwanza ulipaa, na ukanigeukia ukicheka. Nilisema moyoni, nitavirudisha polepole mkono ukipona. Halafu ikaja ile nafasi ya kwenda kujifunza huko, ukaondoka kwa furaha, nikaona nikikwambia sasa utasema hukupona kamwe, ni Mjomba tu alikudanganya.

Ulipoandika vinapaa, nilifurahi. Maana yake mkono umepona. Lakini nikaogopa utavipima ukajua, ukaanza kujitilia shaka kabla ya mtihani. Nikatafuta pa kukuelekeza macho, na yule binti alikuwa karibu. Hilo ni kosa langu tupu. Niombee msamaha kwake, au nipe anwani niombe mwenyewe.

Mwambie yule fundi avirudishe. Anaonekana anaijua kazi.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama nimemwandikia kando.

Nilikwenda kwao Mrefu. Mama yake alinifungulia mlango, akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akaniacha nimesimama barazani. Mrefu alipotoka nikamweleza yote, na jina lako nikalitaja. Nikamwomba arudi tucheze kama ilivyopangwa, na Kocha alikuwa ameshakubali kusogeza tarehe. Akasema atarudi kwa sharti moja: yule mzee avipime vyuma vyangu mbele yake, na vyake mbele yangu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe siku hizi nikisalimiwa najiuliza huyu anataka nini.

Mzee alikuwa ameshavirudisha vyangu, ndipo vikapimwa. Vyote viko sawa, vyangu na vyake.

Tulicheza jana. Mjomba, namba saba yangu ilikwenda chini ya upepo, ikatua karibu na bendera, ikatulia. Hakuna aliyenisaidia. Nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza, na Mrefu akacheza vizuri zaidi. Nafasi ni yake. Alinishika mkono, lakini kurudi kulala chumba kimoja na mimi amekataa.

Nililia kidogo, si sana. Kinachonisumbua si kushindwa. Kila nikikumbuka siku uliyonisifu najiuliza ile nayo uliilaza? Kile kikombe cha watoto, ile siku ya mvua uliposema hakuna kama mimi. Sijui tena lipi lilikuwa langu.

Narudi nyumbani wiki ijayo. Naomba usiniandikie kwamba nilionewa, wala kwamba upepo ulikuwa mbaya, wala kwamba Kocha hana macho. Niandikie ukweli mmoja tu, mfupi, ambao hujaupinda. Nikiusoma nitapanda basi.

Mpwa wako

27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mama yako anakusalimu.

Umeshindwa.

Chumba chako nimekifagia.

Mjomba wako