Rupia ya Simba ya Kaka Yako

Lakeville, Minnesota
Mwezi wa pili

Wifi yangu Haika,

Shikamoo yako niliipokea kwenye simu, marahaba. Magoti yanaendeleaje? Nilikwambia uache kubeba majani ya ng'ombe kichwani, lakini wewe na sikio lako! Mimi kwa nje ni mzima. Theluji imefika dirishani. Wajukuu wananisalimu kwa Kiingereza, nawajibu kwa Kiswahili mpaka wachoke wao.

Naandika kwa mkono wangu, darasa langu la nne linatosha. Sitaki mwanangu Christina aje kuyasikia haya kwenye simu. Na wewe acha kupiga kila jioni kuuliza jeneza linatua lini, kana kwamba nimelificha chini ya kitanda.

Tulikubaliana wote kwamba kaka yako Moses atalala kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya mama yenu. Michango ya kanisa na ya Watanzania wa hapa iliishia hospitali na kwa wale wanaotunza maiti. Ikabaki safari. Ndipo nikatoa lile kopo la sarafu za baba yenu, alizozifunga kitambaani. Christina akampelekea mzee mmoja wa duka la sarafu huko Saint Paul, anaitwa Alvin, picha ya ile rupia ya Mjerumani yenye simba. Mzee akasema ikipimwa na kupewa daraja zuri, Moses atasafiri.

Sikujua kwamba hata sarafu inapelekwa kwa daktari. Yapo makampuni, Haika, yanayoikagua kwa lenzi, yanaipa alama, kisha yanaifungia kwenye kasha la plastiki. Christina aliniketisha mezani jikoni akanieleza. Yale mawili makubwa, wanunuzi wanayaamini, lakini ada yake inauma. La tatu ni rahisi, ila halina jina. Kwa hela tuliyonayo, akasema, tupeleke simba peke yake kwa kampuni kubwa, kupitia kwa Alvin, na zile senti za tundu na za Mfalme Joji wa Mwingereza tuziache koponi, maana ada ya kuzipima inazidi bei yake.

Nikamfokea. Nilimwambia sarafu za baba mkwe wangu hazina mtoto wa kambo, zipimwe zote au isipimwe hata moja. Kwa zote, hela ilitosha lile la rahisi tu. Akalia, akazituma.

Zilirudi na alama za juu, kila moja kwenye kasha lake linalong'aa. Nikamcheka Christina na shule yake yote. Basi tukazipeleka kwa Alvin. Aliigeuza ya simba muda mrefu, hakucheka. Akasema kasha hilo hakuna anayeliamini, na mng'ao wenyewe haupendi, lakini tujaribu kampuni kubwa. Ada ikawa mara mbili, na kusubiri kukaanza upya, kaka yako yuko kwenye friji ya watu.

Jibu lilikuja Jumanne. Sarafu ni ya kweli, lakini imesuguliwa, alama hawatoi. Alvin akasema wakusanyaji wangelipia ule weusi wa miaka yote kitambaani. Bei aliyoitaja sasa haifiki hata nusu ya safari.

Haika, kaa chini kabla hujasoma mbele. Wenye nyumba ya maiti walisema hawawezi kumhifadhi zaidi. Tumemzika kaka yako Jumamosi, hapa hapa. Udongo umeganda, waliupasua kwa mashine kama barabara. Mchungaji aliomba haraka kwa sababu ya baridi. Lile shimo mlilochimba kihambani, hatakuja kulilalia.

Christina anawalaani wale wa rahisi. Anaamini wao ndio walioisugua, na ameshawaandikia barua ya ukali. Mimi nakula naye meza moja, nanyamaza. Ni mimi. Usiku ule ule kabla hajazituma, niliisugua kwa majivu ya mkaa wa kuchomea nyama na limau, mpaka simba akatoa meno. Ungefanya nini wewe? Mtoto humpeleki kliniki na uchafu wake. Nilitaka wazungu waione safi, wasiseme tumetoka jalalani.

Usinifundishe, nimeshajifundisha. Christina nitamwambia mwenyewe, siku nitakayoweza.

Rupia sikuiuza. Valentina, binti wa mchungaji, anakuja Marangu likizo, atakukabidhi mkononi. Vunja lile kasha, simba asilale kwenye plastiki ya watu. Ifunge kitambaani kama baba yenu alivyofanya, uiweke kwenye lile shimo kando ya mama yenu, kisha wafukie. Turubai la msiba lifunguliwe, watu wapate kula, ulie kwa sauti kwa niaba yangu, maana huku majirani wanaita polisi.

Nisalimie Kasika na wanawe wote, na ng'ombe pia. Na magoti yapake mafuta, mbishi wewe.

Na hiyo sarafu, Haika, usiioshe.

Mimi wifi yako,
Rahab, Mama Christina