Papa, Nimechelewa Kuitika

Papa wangu mpendwa,

Nimeolewa. Hii ni wiki ya tatu, na bado nikiamka asubuhi naangalia pete kwanza, kisha namwangalia aliyenivisha, ndipo nakumbuka kwenda kuwasha makaa. Anaitwa Kambale. Watu wa kwao ni wa Butembo, na yeye anafanya kazi kwenye malori ya mjomba wake yanayoleta unga na sabuni hapa Lubumbashi. Ana meno mazuri, papa, na akicheka anafunika mdomo kana kwamba meno hayo ameyaazima kwa mtu. Juzi niliacha kusonga bukari, nikasimama kumtazama akifunga kamba za viatu tu, hadi ikaungua jikoni. Aliila yote. Alisema hajawahi kula bukari yenye harufu nzuri ya moshi namna ile.

Kwenye orodha ya mahari kulikuwa na suti ya baba wa bibi harusi, kama desturi yetu. Baba mdogo alitaka iandikwe kwa vipimo vyake, kwa kuwa wewe haupo. Nilikataa. Nilisema: mabega mapana, kiuno chembamba, mikono mirefu. Kambale alizunguka maduka ya mjini siku mbili mpaka akaipata, ya kijivu. Imetundikwa chumbani kwetu. Wakati mwingine nafungua kabati na kuinusa. Inanuka duka tu. Wewe ulinuka samaki wa Kilwa, kule ziwani, na petroli.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la jana. Lakini siwezi kukueleza ya jana bila kupita kwanza nyumbani kwetu.

Unaikumbuka grupu. Wengine wanasema jenereta. Kwetu ilikuwa grupu, na uliitunza kama mtoto wako wa nne. Friza mbili za samaki zilikuwa zinaitegemea, na sisi tulikuwa tunategemea friza. Mvua kubwa ikija, umeme unakatika, hilo kila mtu mtaani alilijua. Wezi nao walilijua. Mvua juu ya mabati inaficha kishindo cha miguu, na mlio wa grupu unawaonyesha nyumba ya kwenda. Uliijengea kibanda cha matofali nyuma ya jiko, kifupi kama cha kuku, chenye mlango wa chuma. Ila ikitakiwa kuwaka lazima itoke nje kwa ajili ya moshi, na hapo uliifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha. Majirani walifuga mbwa kulinda za kwao. Wewe ulifuga wana wa kiume.

Hukuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Mama alikufa akimzaa Nono, akakuachia wasichana watatu. Basi taa zikizimika, radi ikipiga, ulisimama mlangoni ukaita kwa sauti ya kufika barabara ya pili: "Félix, uko wapi?" Mimi nilikaza koo chumbani na kujibu kwa sauti nzito: "Niko hapa, papa." Ukaita Donat, Clarisse akaitika kutoka jikoni. Ukaita Basile, na Nono, mtoto wa miaka mitano, akatoa sauti ya chura. "Basile, kunywa dawa," ulimwambia bila kucheka, "ile mafua haiishe." Sisi tuliuma mashuka tusisikike tukicheka.

Sheria ilikuwa moja. Ukiitwa, itika papo hapo. "Mwizi anahesabu," ulituambia. "Nikiita mutu na asiitike, atajua mule ndani hamuna mutu."

Mama Kapinga wa nyumba ya pili alikutania kila mara, akikuita kwa jina langu. "Papa Odette, bijana bako tunabasikia tu, hatubaone."

"Beko na haya, mama."

"Haya gani hiyo inaisha siku ya mvua tu?"

Alijua, bila shaka. Mtaa mzima ulijua, ila wezi. Na miaka ikapita, grupu ikabaki kwetu.

Kisha ukaja mwaka wa uporaji. Maduka ya mjini yalivunjwa mchana, watu wenye bunduki wakabeba hata milango na masinki, na walipomaliza mjini wakaingia mitaani. Tulisikia wanavyochukua vitu. Tulisikia pia wanayowafanyia wasichana, ingawa ulishusha sauti ya redio kila habari hizo zilipofika. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Walifika barabara yetu saa tisa mchana, mvua ikinyesha kwa nguvu, umeme umekatika tangu asubuhi. Ulikwenda kwenye kibanda, ukaitoa grupu, ukatuambia: "Muingie." Nilidhani sikusikia vizuri. Siku zote kibanda kilikuwa cha grupu. Tuliingia, tukakaa juu ya mafuta yaliyomwagika, magoti yakigusa kidevu. Ukafunga mlango, ukaegemeza mabati ya zamani na makasha ya samaki mbele yake. Nilikuona kwenye ufa ukifanya kitu ambacho hukuwahi kukifanya maishani mwako. Uliiweka grupu katikati ya uwanja, bila mnyororo, ukaiwasha. "Bakiona hii, habatatafuta kingine," ulisema karibu na ufa. "Na mukikohoa, habatasikia."

Walikuja moja kwa moja kwenye ule mlio, kama ulivyotaka. Mmoja akaizima. Papa, sijawahi kuogopa kitu kama ule ukimya. Ilibaki mvua peke yake.

"Bajirani banasema uko na bijana batatu," yule aliyeizima alisema. "Baite. Tuna mizigo ya kubeba mupaka kambi."

"Balikwenda Kilwa, kutafuta samaki."

"Tumesema ubaite."

Ukaita. Hukuita kwa sauti ya uoga, uliita kwa sauti yako ya siku zote, ya kufika barabara ya pili. Félix, uko wapi. Donat. Basile. Nono akafungua mdomo kuitika, kwa kuwa ulitufundisha vizuri, na mimi nikauziba kwa kiganja. Akaning'ata hadi damu. Sikuutoa mkono. Wakakuambia uite tena, ukaita tena. Clarisse alikuwa amejiziba masikio. Mimi sikuwa na mkono wa kuziba yangu.

Hakuitika mtu. Wakakuambia ubebe mwenyewe, na nikasikia viatu vyako vya plastiki kwenye matope, wewe umeshika upande mmoja wa grupu na mwingine wao upande wa pili, mpaka mvua ikavifunika.

Jioni Mama Kapinga alikuja kuondoa makasha. Alikuwa analia hata kabla hajatuona. "Mimi ndiye nilisema papa yenu eko na bijana batatu," alisema. "Nilisema baogope." Alitumia kinga yako mwenyewe ili akukinge, papa. Ilifaa kwa wezi, na wale hawakuwa wezi wa kuogopa vijana, walikuwa wanawatafuta. Sikumlaumu. Alitulisha wiki nzima, mpaka baba mdogo alipokuja kutuchukua.

Wapo waliosema walikuona njia ya kambi. Mmoja alisema ulikaa chini kando ya barabara ukishika kifua. Hakuna aliyeweza kutuonyesha mahali ulipolala.

Najua ulitaka tunyamaze. Kichwa changu kinajua. Lakini ulituambia tuitike kila tunapoitwa, na mara ya mwisho ulipoita hukujibiwa, ukaondoka hivyo. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha koo langu linafunga. Shuleni mwalimu akiniita siku ya mvua nilisimama tu, kama jiwe. Nilipochumbiwa sikumwambia Kambale. Alipotaka kunivisha pete aliiona alama ya meno kwenye kiganja, akaibusu mbele ya pasta bila kuuliza. Unaona mtu wa namna gani?

Mjomba wake alituzawadia grupu ya harusi. Zawadi zote duniani, papa, ikaja hiyo. Siku ya kwanza ya mvua Kambale alitoka kuifunga, akaniita nimshikie mlango. Aliita mara tatu. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake na sikuweza kusema hata "ee". Aliingia mbio, maji yakimchuruzika. "Nilizani umeanguka, bibi yangu." Ndipo nikamweleza yote haya ninayokuandikia. Alinisikiliza akiwa ameshika kile kiganja, na tangu hapo mvua ikinyesha haniiti. Anafanya kila kitu peke yake, kimya, ili asiniumize. Hilo nalo liliniuma.

Jana saa kumi ilinyesha mvua kubwa. Umeme ukakatika. Tunakaa Ruashi, nyumba yetu ni mpya, na ukuta wa nyuma haujafika juu. Kambale alikuwa nje, ameinama dirishani akihangaika na mnyororo, ameupa ule ukuta mgongo. Kutoka jikoni nikaona mtu amekwisha panda juu ya ukuta, ana nondo mkononi, na mikono ya mwingine inashika tofali karibu na mguu wake. Kambale hakusikia kitu. Mabati yalikuwa yanapiga kelele. Nikafungua mdomo, koo likafunga kama kawaida. Yule mtu akateremsha mguu mmoja upande wetu.

Kambale, bila kugeuka, akasahau. Akaita: "Odette, uko wapi? Leta kufuli."

Uko wapi, papa. Maneno yako yale yale.

"Niko hapa, papa," nilijibu, kwa sauti ya Félix. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Kisha nikaitika kwa sauti ya Donat, kisha Basile na mafua yake, nikapiga sufuria ukutani, nikaitika tena wote watatu. Nilimwona yule mtu juu ya ukuta ametega sikio. Alikuwa anahesabu. Kisha mguu ukarudi juu, akaangukia nje, na mwenzake naye, wakakimbia.

Kambale aliingia, akanikuta nimekaa sakafuni, sufuria mapajani. Akapiga magoti mbele yangu.

"Ulikuwa unaita nani?"

"Sikuita," nilimwambia. "Nilikuwa ninaitika."

Grupu ipo, papa. Mume wangu yupo, mzima, sasa hivi anajifanya hanitazami ninavyoandika. Nimempelekea Clarisse habari, na Nono pia. Nono, kwenye simu, alicheka kwa ile sauti ya chura, kisha akalia. Popote uliposimama kutusubiri siku ile, ondoka sasa ukapumzike. Tumekusikia, sote watatu.

Binti yako wa kwanza,
Odette, na siku za mvua, Félix