Kufunga Mlango Mchana

Jumatatu, 3 Juni 1991
Kuinama, mara kumi. Kunyoosha mgongo. Pumzi ndani hesabu ya nne, nje hesabu ya sita. Nimefika ya tatu, hodi! Jirani yangu Mama Asimwe, anaomba moto. Nikampa kijinga cha moto, nikarudi mkekani. Hodi tena. Chumvi. Jamani!
Yule muuguzi wa kizungu aliyenifundisha yoga hospitalini alisema dakika ishirini za utulivu kila siku, moyo utaacha kukimbia, usingizi utarudi. Dakika ishirini! Amewahi kuishi Bweranyange huyu?

Jumanne, 4 Juni
Nimefunga mlango. Sitaki masihara. Lazima nipone. Mwanangu Kemi yuko Kiruruma kwa mama mkwe, mwezi wa pili sasa, na ana miezi saba tu. Maziwa yangu yamekauka. Sina wa kumlaumu. Nilimwacha juani kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, nikaenda kukaa bondeni hadi jioni, nalia, sijui nalilia nini. Mama mkwe akasema atamrudisha akili zangu zikitulia. Deo, mume wangu, akatazama chini. Kule kutazama chini nimekuchukia kuliko maneno ya mama yake.

Ijumaa, 7 Juni
Huku kwetu mlango ukifungwa mchana na mwenyewe yumo, basi anakula peke yake au anaficha jambo. Nilijua. Nikafunga tu.
Leo nimelala chali, mikono pembeni, macho nimefumba, lile zoezi la mwisho. Mama Asimwe akachungulia dirishani. Mawe, mama yangu! Yowe lake lilifika ng'ambo ya bonde. Kufumba na kufumbua wanaume wameacha majembe, wanawake wamejifunga kanga viunoni, mmoja kaja na mkungu wa ndizi wa msiba. Nikatoka mzima. Hakuna aliyefurahi. Yule wa mkungu karudi nao.

Jumapili, 9 Juni
Habari imefika Kiruruma. Mama mkwe kasema anayejilaza kama maiti mchana kweupe hakabidhiwi mtoto. Deo kaniletea ujumbe huo baada ya ibada, nikavunja kikombe. Kusudi. Dawa yenyewe ndiyo imekuwa ushahidi kwamba naumwa! Nina hasira mpaka meno yanauma. Deo anasema niache. Siachi. Jana nililala saa nne mfululizo. Yeye alikuwa anakoroma, atajuaje?

Alhamisi, 13 Juni
Tangu Jumatatu mlango nauacha wazi. Mkeka katikati ya sebule, juu ya nyasi tunazotandika sakafuni. Haya, tazameni! Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Jumanne watano. Jana Mama Asimwe peke yake, kakaa kizingitini anamenya ndizi na kuniambia goti limepinda. Goti langu, limemkosea nini?
Leo hakuna mtu. Dakika ishirini kamili. Nilipomaliza nikalia. Safari hii najua nalilia nini. Namtaka mwanangu.

Jumamosi, 15 Juni
Mama mkwe kafika bila taarifa, Kemi mgongoni. Nilikuwa chali. Nikasikia sauti yake uani, moyo ukaruka, nikataka kuinuka nijitetee. Sikuinuka. Nikamaliza hesabu. Ndipo nikapiga goti, shikamoo mama.
Alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama muda wote. "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu, mama.
Kisha akasema alipomzaa Deo alikuwa akiingia shambani, katikati ya migomba, analala chini mpaka jua lizame. Hakumwambia mtu. Mpaka leo.
Sasa kwa nini alininyang'anya mtoto? Sikuuliza. Hasira bado ninayo.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda ibadani. Mama mkwe yupo, kaja na blanketi lake, hasemi ataondoka lini. Kemi hanijui. Asubuhi nzima kila nikimshika analia, anamnyooshea bibi yake mikono. Iliniuma sana.
Mchana kachoka. Kalala kifuani kwangu, mate yananilowesha. Mazoezi sijafanya. Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Siusogezi.